Mwaka 1991 ulikuwa wa kampuni ndogo

UKIWAULIZA mashabiki wa bendi zinazojitegemea ni mwaka gani uliowafurahisha zaidi, wengi hutaja 1991. Mimi ni mmoja wao.

Ninawaonea wivu waliohudhuria tamasha la Olympia, jimbo la Washington, Marekani, lililoandaliwa Agosti na kampuni ndogo ya K. Makampuni makubwa ya rekodi hayakukaribishwa. Usiku wa kwanza jukwaa liliachiwa wasichana, na hapo ndipo Heavens to Betsy walipopiga hadharani kwa mara ya kwanza. Fugazi nao walikuwepo, bendi iliyozoea kutoza dola 5 tu mlangoni. Wiki hiyo hiyo Nirvana walikuwa Reading, Uingereza. Mwezi uliofuata wakatoa Nevermind kupitia kampuni kubwa, na lawama zikaanza.

Kwa upande wa albamu, kuna Loveless ya My Bloody Valentine. Kuirekodi kulichukua zaidi ya miaka miwili, na ilipotoka Novemba kampuni yao, Creation, haikukawia kuachana nao. Isikilize majirani wakiwa safarini! Lakini ninayoirudia zaidi ni Spiderland ya Slint, iliyorekodiwa kwa siku 4 tu. Ilipofika madukani, vijana hao walikuwa wameshatawanyika.