Hesabu ya Sabini na Mbili

Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza iliyojipatia jina mwaka 1940, ilikuwa na mita 11.23 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Gawa kwa 72, unapata sentimita 15.6, yaani modeli ya kulaza kiganjani. Skeli hiyo ya 1:72 imetokana na vipimo vya Kiingereza: inchi moja ya modeli ni futi sita za ndege halisi. Modeli za Skybirds ziliitumia Uingereza tangu miaka ya 1930, kampuni ya Airfix ikaieneza kwa plastiki miaka ya 1950, na mpaka leo ina wapenzi wengi.

Asiyeijua kazi hii ya kuunda modeli hudhani ugumu uko kwenye kuunganisha. Wala. Gundi yake huyeyusha uso wa plastiki ya polistirini, vipande viwili vikawa kimoja. Pakibaki mwanya, unatia puti, unapiga msasa wa maji, basi. Kinachosumbua ni hesabu.

Chukua mistari inayoonyesha mabati yalipokutana. Mstari wa milimita 0.3 kwenye plastiki unauona mwembamba kweli. Uzidishe kwa 72: ni ufa wa zaidi ya sentimita 2, na hakuna fundi atakayeiruhusu ndege yenye ufa huo iruke. Kioo cha rubani chenye unene wa milimita 1 kinageuka ukuta wa sentimita 7. Lakini ukisema upunguze kila kitu kwa haki, plastiki itakuvunjikia mkononi. Kwa hiyo wajenzi hukwangua pale tu jicho linapofika, kama ukingo wa nyuma wa bawa na midomo ya mabomba ya moshi, kwingine wanaacha.

Rangi nayo ina ubishi usiokwisha. Modeli iliyo nusu mita kutoka machoni ni kama ndege iliyo mita 36, na kadiri kitu kinavyokaa mbali ndivyo hewa inavyokipausha. Wengine huongeza rangi nyeupe kidogo kwenye mchanganyiko. Wengine hushikilia rangi ileile ya kiwandani. Mimi niko na wanaopausha, hasa kwa nyeusi. Nisichokubali ni mtindo wa kujaza wino kila mstari, mpaka ndege inafanana na wavu wa dagaa.

Uzito ndio unaoshangaza zaidi, kwa sababu hugawanywa kwa 72 mara tatu: kwa urefu, kwa upana na kwa kimo. Spitfire ya mwanzo, ikiwa imesheheni, ilikuwa na tani 2.7 hivi, kwa hesabu hiyo ingebaki gramu 7. Swali ni uzito huo umekaa wapi. Kwa Spitfire haina neno, maana gurudumu lake dogo liko mkiani. Ila ndege yenye gurudumu la puani, kama B-25 ya Wamarekani, modeli yake huketi kwa mkia, maana mbele ni tupu. Dawa ni kutia vipande vya chubwi ndani ya pua kabla ya kufunga kiwiliwili. Aliyesahau hugundua gundi ikiwa imeshakauka, akaanza kutafuta kijiti cha plastiki isiyo na rangi cha kutegemezea mkia, akiomba watazamaji wasiiname sana.