Tunza Afya ya Jamaa Yako Ndani ya Basi la Safari Ndefu

Ndugu msomaji, tuseme wewe ni mkulima wa viazi mkoani Njombe. Umevuna, umeuza, na madeni umelipa. Dada yako ameolewa Bagamoyo. Kila mwaka anakuita uende na mkeo na watoto mkaone bahari. Mwaka huu umekubali. Mtakaa siku 4 tu, kisha mtarudi shambani. Umekata tiketi za basi zuri.

Basi hilo si kama mabasi ya zamani. Zamani tulibanana watu 5 kwa mstari, na vumbi liliingia madirishani. Basi zuri la siku hizi lina viti 4 tu kwa mstari. Kiti ni laini, na mgongo wake hulala nyuma. Kuna kiyoyozi na televisheni. Mhudumu hugawa soda na biskuti. Ukiketi humo unajiona uko mapumzikoni.

Hapo ndipo wengi tunapokosea. Mgongo umepumzika, lakini mwili bado uko safarini. Kutoka Njombe hadi Dar es Salaam ni karibu kilomita 700. Utaketi saa 11, saa 12, na pengine zaidi. Hata ukiwa na kiti kizuri, miguu yako itachoka kwa kuning'inia, mwili wako utahitaji maji, na mtoto anaweza kuugua njiani.

Miguu inayokaa bila kazi

Je, umewahi kushuka katika basi ukaona viatu vinabana? Miguu imevimba. Sababu yake ni hii. Damu hushuka miguuni kwa urahisi, lakini kupanda kurudi moyoni ni kazi. Unapotembea, misuli ya shavu la mguu hukamua mishipa ya damu, kama mtu anavyokamua ng'ombe, na damu hupanda juu. Unapoketi kutwa nzima, hakuna wa kukamua. Damu hutuama miguuni.

Kwa watu wengi uvimbe huo huisha baada ya kulala usiku mmoja. Lakini kwa wachache damu iliyotuama huganda, ikawa bonge ndani ya mshipa. Bonge hilo likikatika husafiri hadi kwenye mapafu na kuziba njia ya damu. Mtu anaweza kufa ghafula.

Jambo hili lilionekana wazi mwaka 1940 katika mji wa London, Uingereza. Wakati ule ndege za Wajerumani zilikuwa zikipiga mji huo kwa mabomu. Watu walijificha usiku kucha katika mahandaki. Vitanda havikutosha, basi wengi walilala wameketi kwenye viti vya kukunja. Daktari Keith Simpson aliona kuwa baadhi yao, hasa watu wazima na wazee, walikufa ghafula ingawa hakuna bomu lililowagusa. Alipochunguza maiti alikuta mabonge ya damu katika mishipa ya mapafu. Ukingo wa kiti ulikuwa umebana miguu yao usiku kucha.

Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi juu ya safari. Mtu akiketi bila kujinyoosha kwa zaidi ya saa 4, hatari ya kupata bonge la damu huongezeka karibu mara mbili. Ni sawa kama yumo ndani ya ndege, treni, basi au gari dogo. Usiogope. Wasafiri wengi sana hufika salama. Lakini wapo wanaopaswa kujihadhari zaidi: mama mjamzito, mama aliyejifungua karibuni, mtu aliyepasuliwa karibuni, mtu mnene sana, mgonjwa wa saratani, na yeyote aliyewahi kupata bonge la damu. Hawa waulize kwanza zahanati kabla ya kukata tiketi.

Wewe mwenye afya fanya hivi. Ukiwa umeketi, inua visigino, vidole vya miguu vikibaki chini. Kisha inua vidole, visigino vikibaki chini. Fanya mara 20 au 30, pumzika, halafu rudia kila baada ya nusu saa hivi. Usiweke mzigo chini ya miguu, kwa maana utakosa nafasi ya kuinyoosha. Usitembee ndani ya basi likiwa katika mwendo. Dereva akikanyaga breki utaanguka. Fungua mkanda basi likisimama, ushuke na utembee.

Basi likisafiri usiku, hatari ya kuketi bila kusogea ni kubwa zaidi, kwa sababu mtu hulala. Mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena nchini mwaka 2023, baada ya kukatazwa kwa miaka mingi. Kwa safari ya watoto na wazee, mimi ningechagua basi la mchana. Mchana unaona mtoto anavyoendelea.

Kama baada ya safari mguu mmoja umevimba kuliko mwingine, na shavu la mguu linauma na lina joto, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usiukande wala usiuchue. Mtu akishikwa na pumzi au kifua kikimchoma ghafula, apelekwe hospitali mara moja.

Maji na haya ya kuomba kushuka

Watu wengi, na hasa akina mama, hawanywi maji siku ya safari. Wanaogopa kubanwa na haja ndogo njiani. Wanaona haya kumwomba utingo basi lisimame, halafu waende kuchimba dawa vichakani mbele za watu. Haya hiyo tunaielewa. Lakini kukaa bila maji kutwa nzima kunaleta kichwa kuuma, kizunguzungu na choo kigumu. Kiyoyozi nacho hukausha midomo. Kunywa mafunda machache kila mara, badala ya chupa nzima kwa mkupuo. Ukiona mkojo umekuwa wa njano iliyokolea, mwili unadai maji. Basi likisimama kwenye kituo chenye choo, nyote mshuke, hata asiyebanwa.

Kumbuka pia mavazi. Mji wa Njombe uko juu sana, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi ni baridi kali, nanyi mmewavika watoto masweta mawili mawili. Baada ya Iringa basi hushuka mlima Kitonga, na mkifika Ruaha Mbuyuni joto ni la bonde. Mtoto mchanga aliyefungwa mgongoni ndani ya blanketi hutoka jasho na kupoteza maji, wala hawezi kusema. Mvue nguo moja moja kadiri mnavyoshuka. Mama anayenyonyesha amnyonyeshe mara nyingi, naye anywe maji zaidi.

Kitonga na kona zake

Kona za Kitonga huwatapisha watoto wengi. Sababu ni kwamba ndani ya sikio kuna kitu kinachoujulisha ubongo kuwa tunayumba. Macho nayo yakiangalia televisheni au simu huuambia ubongo kuwa tumetulia. Habari mbili hazipatani, na tumbo huchafuka. Basi kata viti vya mbele. Kabla ya kona, mwambie mtoto aangalie mbali mbele, mlimani, wala asiiname. Siku hiyo asile vitu vya mafuta mengi. Kiazi cha kuchemsha kinatosha. Tangawizi kidogo huwasaidia wengine. Chukua kopo lenye mfuniko la kutapikia. Mifuko ya plastiki ya kubebea vitu, ambayo zamani tuliitumia kwa kazi hiyo, ilikatazwa nchini kuanzia tarehe 1 Juni 2019.

Mtoto akitapika mara moja mlimani, kisha akacheza, hana ugonjwa. Lakini akitapika tena na tena huku anaharisha, hilo ni jambo jingine kabisa.

Mtoto akiharisha ndani ya basi

Kuhara kunaua kwa kumaliza maji ya mwili. Mtoto mdogo ana maji machache, kwa hiyo saa chache tu zinatosha kumweka hatarini. Nanyi mko katikati ya mbuga ya Mikumi, ambako msafiri haruhusiwi kushuka ovyo, kwa maana kuna tembo na simba. Kwa hiyo dawa iwe mfukoni mwako kabla hujaondoka nyumbani.

Chukua zahanati au duka la dawa pakiti mbili au tatu za unga wa kuongeza maji mwilini, ule unaoitwa ORS. Pakiti ya kawaida huchanganywa na lita 1 ya maji safi, lakini soma maandishi ya pakiti yako. Hapa, ndugu uliyejifunza kusoma, kisomo chako kina kazi. Soma pia maandishi ya chupa ya maji. Ikiwa imeandikwa 500 ml, hiyo ni nusu lita, na zinahitajika chupa mbili. Unga mwingi katika maji machache unaweza kumdhuru mtoto. Maji mengi mno nayo yanapunguza nguvu ya dawa. Yaliyochanganywa yatumike ndani ya saa 24, kisha yamwagwe.

Kama huna pakiti, tumia maji safi lita 1, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, si vya kurundika.

Mtoto wa chini ya miaka 2 mpe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha. Mkubwa kidogo mpe nusu hadi kikombe kizima. Mpe kwa kijiko, polepole. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Anayenyonya aendelee kunyonya. Mkifika kituo cha afya atapewa pia vidonge vya zinki vya kumeza kwa siku 10 hadi 14. Ile soda ya bure ya mhudumu usimpe. Sukari yake ni nyingi na huzidisha kuhara.

Angalia dalili hizi: macho yameingia ndani, mtoto analia bila machozi, ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi upesi, amelegea, hawezi kunywa. Ukiona dalili kama hizo, au damu katika choo, usingoje kufika Bagamoyo. Mwambie dereva. Iringa, Mikumi na Morogoro zote zina hospitali. Shukeni katika mji wa kwanza mtakaofika. Najua nauli ni fedha nyingi, na abiria wengine watanung'unika. Shukeni tu.

Ili msifike huko, angalieni chakula cha njiani. Kile kinachopikwa na kutolewa jikoni kikiwa moto ni bora. Matunda yaliyokatwa na kukaa juani na nzi, acheni. Ndizi na chungwa menyeni wenyewe. Basi husimama muda mfupi, na watu hukimbilia chakula bila kunawa. Bebeni kipande cha sabuni.

Kuna vitu vingine vya kukaa mfukoni mwako, si kwenye buti la basi. Ni kadi za kliniki, na dawa za kila siku za shinikizo la damu, kisukari, kifafa au kufubaza virusi vya UKIMWI. Mtu wa kisukari achukue na chakula chake. Chukueni dawa za siku kadhaa zaidi ya siku za safari, kwa maana basi linaweza kuharibika.

Mbu wa pwani

Sasa mmefika. Mmeshuka stendi ya Mbezi, mmepanda gari la Bagamoyo, na watoto wameiona bahari. Dada yako anafurahi, anatandika mkeka sebuleni. Muulize kuhusu chandarua. Usione haya. Afadhali mbebe chenu chenye dawa kutoka nyumbani.

Njombe ni mahali pa baridi, na malaria ni kidogo sana. Kwa sababu hiyo miili ya watoto wenu haijazoea kupigana nayo. Mtoto wa pwani na mtoto wako wanaweza kuumwa na mbu yule yule usiku mmoja, lakini wako akaugua vibaya zaidi. Mama mjamzito naye ni vivyo hivyo.

Na malaria haianzi siku ile ile. Kwa kawaida mtu huona homa baada ya wiki moja hadi mwezi mmoja tangu aumwe na mbu. Wakati huo mmekwisha rudi Njombe, mnapanda viazi, na safari mmeisahau. Mtoto anapata homa. Jirani anasema ni mafua ya baridi. Siku mbili zinapita, na malaria kali inaweza kumuua mtoto katika muda huo.

Basi siku mtakayorudi, chukua chaki uandike tarehe hiyo nyuma ya mlango. Chini yake andika tarehe ya mwezi mmoja mbele. Yeyote katika ninyi akipata homa kati ya tarehe hizo mbili, mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo. Neno la kwanza la kumwambia mganga liwe hili: "Tulikuwa pwani." Hata baada ya mwezi huo, homa ikija, mtajieni safari. Atamchoma mgonjwa kidoleni na kuchukua tone moja la damu. Majibu hupatikana kwa dakika 15 au 20, mkiwa mmeketi pale pale kwenye benchi.