Meno ya Mbwa na Kudidimia kwa Huduma ya Mifugo, Migori na Homa Bay

Mbwa wa Rongo, wa Ndhiwa au wa Mbita akianza kunuka kinywa, wenye boma husema amekula mzoga. Mara nyingi si mzoga. Ni ufizi unaooza taratibu, na mtu wa kuwaeleza hivyo, aliyesomea kazi hiyo na kuweza kufika bomani, amekuwa adimu katika kaunti hizi mbili za ziwa zenye watu zaidi ya milioni 2.2.

Mbwa mzima ana meno 42. Mtoto wake huwa na 28, yanayoanza kuchomoza akiwa na wiki tatu hivi na kubadilishwa yote anapotimiza takriban miezi saba. Jino la mbwa halitoboki kwa urahisi kama letu. Kinachomwangamiza ni ukoga. Utando laini hujijenga juu ya jino kwa siku moja tu. Usipofutwa, madini ya mate huugandisha ndani ya siku chache, ukawa gamba gumu la manjano. Bakteria hupenya chini ya ufizi, ufizi huvimba na kutoa damu, mfupa unaoshika jino hulika, jino hulegea. Mbwa wengi waliopita miaka mitatu wana ugonjwa huu kwa kiasi fulani, popote duniani. Mbwa hasemi. Hutafuna kwa upande mmoja, na mwenye mbwa haoni kitu mpaka siku mnyama anapokiacha chakula.

Chakula chenyewe kinachangia. Mbwa wa fuo za ziwa hula makombo ya ugali, mabaki ya omena na vichwa vya samaki. Mgongo wazi wa mbuta, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, ambao ungemwendea, siku hizi hukaangwa na kuuzwa kwa watu, na sioni kosa katika hilo. Ugali haulisugui jino. Mfupa mgumu wa ng'ombe nao una hatari yake: hupasua gego kubwa la juu, usaha ukajikusanya kwenye mzizi, na uvimbe ukatokea chini ya jicho. Wenye mbwa hudhani amepigwa jiwe au ameumwa na nyuki. Uvimbe hupasuka, hufunga, hurudi. Jino bado liko pale pale.

Kushuka kwa huduma ya mifugo kuna historia. Zamani eneo hili lote lilikuwa wilaya moja ya South Nyanza, na afisa wa mifugo wa serikali alikuwa mtu wa kufika vijijini: kwenye josho, kwenye chanjo, kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Nisimpambe kupita kiasi. Alikuja kwa ajili ya ng'ombe, na mbwa alimwona kwa bahati. Lakini alikuja, na mtu anayekuja anaweza kuulizwa. Kisha mageuzi ya kiuchumi ya miaka ya 1980 yakabana matumizi ya serikali. Mwishoni mwa muongo huo wahitimu wa udaktari wa mifugo wa Kabete hawakuajiriwa tena moja kwa moja, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 matibabu, majosho na upandishaji wa ng'ombe kwa mbegu vilianza kuachiwa watu binafsi.

Hesabu ya mageuzi hayo ilikuwa kwamba mwenye mnyama atalipa. Kwenye nyanda za juu zenye ng'ombe wa gredi alilipa kweli, kwa sababu maziwa humlipa yeye kila siku. Kandokando ya ziwa ng'ombe wengi ni wa kienyeji, na mbwa hakamwi wala hauzwi mnadani. Hulinda nyavu na boma usiku, kazi ambayo hakuna anayeiandikia risiti. Daktari wa kujitegemea hawezi kujenga riziki juu yake. Kwa hiyo mbwa hakusahauliwa na mtu fulani. Aliachwa nje ya hesabu tangu mwanzo. Huo ndio mzizi wa jambo, na sikubaliani na wanaosema kwamba kinachokosekana ni mapenzi ya wanyama.

Pengo limejazwa na agroveti. Muuzaji ana dawa ya minyoo, dawa ya kupe na sindano ya oksitetrasaiklini, naye huuza kwa maelezo ya mteja bila kufungua kinywa cha mnyama. Sindano hiyo huushusha uvimbe wa ufizi kwa muda, halafu unarudi, kwa kuwa chanzo chake hakijaguswa. Usafishaji wa kweli hutaka nusukaputi, kukwangua chini ya ufizi, picha ya eksirei na wakati mwingine kung'oa. Kliniki zenye vifaa hivyo zimejikusanya zaidi Nairobi. Kumkwangua mbwa akiwa macho ni kumtesa, na uchafu wa ndani hubaki.

Meno pia hutunza ushahidi wa chanjo zilizokosekana. Mtoto wa mbwa akiugua distempa, ugonjwa wa virusi, akapona kabla meno ya ukubwani hayajaota, meno hayo hutoka na mashimo na mabaka, tabaka gumu la nje likiwa halikukamilika. Virusi hivyo havikai kijijini tu. Mwaka 1994 viliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, kama 1,000 hivi, vikaingia Maasai Mara, jirani ya Migori. Mbwa wa vijiji vya kuzunguka hifadhi ndio walioonekana kuwa chanzo.

Hatari kubwa zaidi ni kichaa cha mbwa. Kuna aina yake isiyo na ukali: taya hulegea na kuning'inia, mate hutiririka, mbwa hawezi kumeza. Mwenye huruma hudhani mfupa umekwama au jino linauma, akaingiza mkono. Usiingize. Mfungie, ondoa watoto, mwite daktari wa mifugo. Ukiumwa au mate yakigusa kidonda, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Mahali ambapo daktari wa kuangalia kinywa hafikiki, jirani ndiye hukiangalia, kwa mkono mtupu.

Kwa mbwa mwenye afya aliyechanjwa, nyumbani panaweza kufanyika mengi. Mzoeze angali mdogo kuinuliwa mdomo. Zungushia kidole kitambaa safi chenye maji, au tumia mswaki laini, usugue upande wa nje wa meno, hasa magego ya juu, kila siku ikiwezekana. Dawa yetu ya meno asipewe: hawezi kuitema, na zilizo na zailitoli zinaweza kumuua. Kitu cha kutafuna kisichobonyea kwa ukucha wako ni kigumu mno kwake. Ukoga ukishaganda, kitambaa hakiutoi.

Hapo ndipo serikali inahusika. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, likitaja leseni za mbwa na mahali pa kuwatunza wanyama. Mkakati wa taifa wa kutokomeza kichaa cha mbwa kwa binadamu unakwisha 2030. Kampeni ya chanjo tayari huwaleta mbwa mahali pamoja. Kumwangalia meno kila aliyechanjwa hakuhitaji zaidi ya dakika moja na mtu aliyefunzwa. Chumba kimoja chenye nusukaputi na vifaa vya meno mjini Migori, na kingine mjini Homa Bay, ni gharama ambayo bunge la kaunti linaweza kuijadili katika bajeti moja. Bajeti hiyo hupitia vikao vya maoni ya wananchi. Nenda kikao cha wadi yako, uliombe jambo hili kwa jina, na uandikwe kwenye kumbukumbu.