Fedha, shaba na dhahabu: Ni ndugu, lakini mwilini hazifanani

JE, umewahi kununua vipuli vinavyometameta kwa mchuuzi kando ya barabara, ukaapiwa kwamba ni fedha halisi, kisha baada ya siku mbili tatu masikio yakaanza kuwasha, kuvimba na kutoa maji? Wengi wakipatwa na hali hii huilaumu fedha. Mara nyingi fedha haina hatia.

Ili uelewe sababu, yafaa kwanza uifahamu fedha pamoja na ndugu zake wawili, shaba na dhahabu. Katika jedwali la elementi linalosomwa shuleni, madini haya matatu yamepangwa katika safu moja: shaba juu, fedha katikati na dhahabu chini. Yamewekwa pamoja kwa sababu kila moja lina elektroni moja tu katika mzingo wake wa nje. Ndiyo maana yote hufulika kwa urahisi mikononi mwa sonara, na yote hupitisha umeme vizuri kuliko madini mengine. Fedha huongoza, shaba ni ya pili na dhahabu ya tatu.

Tofauti ni jinsi yanavyoiachilia elektroni hiyo. Shaba huiachilia upesi, fedha kwa shida kidogo, nayo dhahabu huing'ang'ania. Jambo hilo dogo ndilo huamua kitakachotokea madini hayo yakigusa ngozi, kidonda au tumbo lako.

Kwenye ngozi

Dhahabu safi haibadiliki rangi. Fedha huingia weusi ikikutana na gesi zenye salfa hewani, na shaba huweza kuacha alama ya kijani kidoleni kwa sababu ya jasho. Usishtuke, alama hiyo huoshwa kwa maji na sabuni na haina madhara.

Anayewasha masikio kwa kawaida ni mgeni aitwaye nikeli. Madini haya ni ya bei nafuu, hung'aa kama fedha, na huchanganywa katika mapambo mengi ya bei ya chini. Kuna hata mchanganyiko uitwao "fedha ya Kijerumani" ambao hauna fedha hata chembe; ni shaba, nikeli na zinki. Dhahabu nyeupe nayo mara nyingine hutiwa nikeli. Mzio wa nikeli ukishampata mtu, kwa kawaida humkaa maisha yake yote, na baadaye hata kifungo cha suruali au mkanda wa saa utamsumbua. Kwa sababu hiyo, nchi za Umoja wa Ulaya zilipitisha sheria mwaka 1994 ya kupunguza nikeli katika vitu vinavyovaliwa mwilini.

Kwenye kidonda na macho

Fedha ikilowa huachilia chembe ndogo sana ambazo huua bakteria. Dhahabu, kwa ubahili wake, haifanyi hivyo. Mnamo 1881 daktari Mjerumani, Carl Credé, alieleza jinsi alivyowatia watoto wachanga matone ya chumvi ya fedha machoni ili wasipofuke kutokana na kisonono cha mama zao. Matone hayo yalitumika kote duniani kwa miaka mingi, ingawa yaliwasha macho. Uchunguzi uliofanywa hapa Kenya na kuchapishwa mwaka 1988 ulionyesha kwamba mafuta ya tetracycline hukinga macho hayo vyema pia.

Hata hivyo, fedha haijastaafu. Krimu yenye fedha na dawa ya salfa hupakwa watu walioungua, japo haifai kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, mama anayekaribia kujifungua, au mtu mwenye mzio wa dawa za salfa. Madaktari wa meno nao wana dawa ya fedha na floridi ya kuzuia jino la mtoto lisiendelee kuoza, ingawa sehemu iliyooza hubaki nyeusi.

Tumboni

Hapa ndipo ndugu hawa huachana kabisa. Mwili wako unahitaji shaba, takriban miligramu moja kwa siku, na chakula cha kawaida kama maharagwe, njugu na maini hukupa ya kutosha. Ikizidi ni sumu: ukiacha maji ya ndimu au chakula kichachu katika chombo cha shaba kisichopakwa bati, unaweza kutapika na kuharisha.

Fedha na dhahabu mwili hauzihitaji. Sindano za chumvi ya dhahabu zilitumika tangu miaka ya 1920 kutibu baridi yabisi, lakini ziliweza kudhuru figo na damu, na leo dawa nyingine zimechukua nafasi yake.

Jihadhari hasa na "maji ya fedha" yanayouzwa kama tiba ya kila ugonjwa. Fedha unayoinywa mara kwa mara hujikusanya chini ya ngozi na kuigeuza rangi ya kijivu au samawati, na rangi hiyo haitoki tena. Mwaka 1999 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba dawa hizo zinazouzwa bila cheti cha daktari hazijathibitishwa kuwa salama wala kuponya.

Ufanye nini?

Unapomtoga mtoto masikio, tafuta vipuli vya dhahabu ya karati 18 ya manjano, au vya fedha yenye alama 925, yaani sehemu 925 za fedha katika kila 1,000. Zilizosalia kwa kawaida ni shaba. Nunua kwa sonara unayemwamini, kwa maana hata alama hughushiwa.

Sikio likianza kuwasha, vua vipuli, lioshe kwa maji safi na sabuni, ulikaushe. Likitoa usaha au ukishikwa na homa, nenda hospitali. Na ukipewa fedha uinywe, ikatae.