Taa ya Injini na Fundi wa Jua Kali: Gari la Kompyuta katika Mitaa ya Nairobi

Barabara ya Ngong jijini Nairobi hupita baina ya mitaa miwili yenye wakazi wengi wa kipato cha chini: Kibera upande wa kusini na Kawangware upande wa kaskazini. Katika mitaa yote miwili, mafundi hutengeneza magari kando ya njia, chini ya paa la mabati au chini ya jua kali lililowapa jina. Wengi wao hawakusomea ufundi darasani. Walikuwa wanagenzi wa fundi aliyewatangulia. Wakabeba spana, wakatazama, wakasikiliza, hatimaye wakakabidhiwa injini. Elimu hiyo ilipitishwa kwa mdomo, na Kiswahili kilikuwa chombo chake kikuu. Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi gari linaloongozwa na kompyuta lilivyoitikisa elimu hiyo, hatari zilizozuka, na wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili katika suala hili.

Gari la kabureta lilikuwa kama mgonjwa anayejieleza. Likikohoa, fundi alitega sikio. Likitoa moshi mweusi, alijua kuwa petroli imezidi. Likitoa moshi wa samawati, alijua kuwa oili inaungua. Alikaza au kulegeza skrubu ya kabureta hadi mngurumo ukatulia. Katika gari la sasa, kazi hiyo imetwaliwa na kompyuta. Vifaa vidogo vya kuhisi hupima hewa inayoingia, joto la maji, mzunguko wa injini na oksijeni iliyobaki katika moshi. Kompyuta hupokea vipimo hivyo mara nyingi kwa sekunde, kisha huamua kiasi cha petroli cha kunyunyiza na wakati wa plagi kutoa cheche. Jambo lisipolingana na matarajio yake, huwasha taa ya injini mbele ya dereva na kuhifadhi msimbo wa hitilafu.

Mgala muue na haki umpe. Teknolojia hii imepunguza moshi na matumizi ya petroli, na breki zisizofunga magurudumu zimemsaidia dereva kuendelea kulielekeza gari anapofunga breki ghafla. Ugumu umo katika namna gari lenyewe linavyofika Nairobi. Kenya huagiza magari mengi yaliyokwisha kutumika Japani, na kanuni za nchi haziruhusu gari lililozidi umri wa miaka minane kuingizwa. Hivyo basi, gari humfikia fundi wa Kawangware likiwa limetumika miaka kadhaa, mara nyingi bila kitabu cha maelezo, au likiwa na kitabu cha Kijapani. Madereva wengi wa Afrika Mashariki wameizoea sauti inayowalaki kwa Kijapani kila wanapowasha gari, ikiwaarifu kuwa kadi ya kulipia barabara za Japani haijaingizwa. Kadi hiyo haina kazi Nairobi, na maneno hayo aghalabu hayaeleweki. Sauti hiyo haimdhuru mtu. Lakini gari hilohilo lina maonyo mengine ambayo kutoyaelewa kunaweza kuleta maafa.

Ili kuusoma msimbo, fundi huhitaji mashine ya kupimia. Siku hizi zipo ndogo za bei nafuu zinazounganishwa na simu ya mkononi. Hata hivyo, kuupata msimbo si kuupata ugonjwa. Chukua mfano wa msimbo P0171. Maana yake ni kwamba mchanganyiko unaoingia katika injini una hewa nyingi kuliko inavyostahili, au petroli kidogo. Chanzo chaweza kuwa mpira wa hewa uliopasuka, pampu ya petroli iliyochoka, nozeli zilizoziba, au kifaa cha kupimia hewa kilichojaa vumbi. Fundi asiyejua hilo huona neno la Kiingereza kwenye simu, akamtuma mteja Barabara ya Kirinyaga kununua kifaa kingine. Mteja hununua, taa huwaka tena. Fedha zimekwenda, imani imekwenda, na mteja hulipeleka gari kwenye gereji kubwa ya mjini. Anayebaki bila kazi si fundi peke yake, bali pia mwanagenzi aliyetarajia kujifunza kwake.

Aidha, baadhi ya mazoea yaliyokuwa werevu jana yamegeuka kuwa hatari leo. Zamani fundi alipotaka kujua kama alteneta inachaji, aliichomoa waya ya betri huku injini ikinguruma. Injini isipozimika, alteneta ilikuwa nzima. Katika gari la kompyuta, tendo hilo laweza kusababisha umeme kupanda ghafla na kuunguza kompyuta yenyewe. Hali kadhalika, mchomeleaji anayeunga bodi bila kwanza kutenganisha betri aweza kuharibu vifaa ambavyo bei yake inazidi malipo yake ya miezi. Mifuko ya hewa ya kuwakinga abiria nayo hulipuka kwa kemikali. Anayepima nyaya zake kwa taa ya majaribio aweza kuilipua usoni pake.

Hatari iliyo kubwa zaidi, hata hivyo, ni ile ya kuinyamazisha taa. Mwenye gari akichoka kuiona, hutokea fundi akaing'oa balbu au kuiziba kwa utepe. Mahali pa mfuko wa hewa uliokwisha kulipuka katika ajali hutiwa kipande kidogo cha umeme kinachoihadaa kompyuta iamini kuwa mfuko upo. Gari huuzwa likionekana zima. Abiria wa siku ya ajali ndiye atakayegundua ukweli. Wahenga walinena: mficha maradhi, kilio humfichua.

Si haki kuwabebesha mafundi wa mitaani lawama hizi peke yao. Mnamo Februari 2004, kanuni zilizopata umaarufu kwa jina la waziri wa uchukuzi, John Michuki, ziliyalazimu matatu kufungwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Haikupita muda vikaanza kuchezewa. Mwaka 2015 ilibainika kuwa kampuni ya Ujerumani ya Volkswagen ilikuwa imetia katika magari ya dizeli yapatayo milioni 11 programu iliyotambua kwamba gari linapimwa moshi, ikalifanya lipite mtihani, kisha ikaliachia barabarani lichafue hewa. Anayeziba taa kwa utepe na mhandisi aliyeandika programu ile wanatofautiana kwa elimu na mali. Walichokifanya ni kimoja.

Je, lugha inaingiaje hapa? Mafundi hukiita kifaa cha kuhisi 'sensa'. Katika Kiswahili sanifu, sensa ni hesabu ya watu. Wataalamu wamependekeza 'kihisi' na 'kitambuzi', lakini istilahi hizo hazisikiki sana penye spana. Ni kweli kwamba kazi ya istilahi imefanywa: TUKI ilichapisha Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, na Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Lakini fundi anayeelewa vyema maneno 'mchanganyiko una hewa nyingi' bado huyasoma kwa Kiingereza, akabahatisha. Hakukosa akili ya kuitambua hitilafu. Amekosa maelezo katika lugha anayoifikiria.

Kwa hivyo, mwongozo mfupi wa Kiswahili, unaoeleza misimbo ya kawaida, vyanzo vyake na mambo ya kutofanya karibu na betri na mifuko ya hewa, ungekuwa na manufaa makubwa. Hauwezi kuandikwa maktabani pekee. Mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kukaa na mafundi, asikie wanavyoviita vifaa, alinganishe na istilahi zilizopo, na akubali kushindwa pale neno la fundi linapofaa zaidi. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, ambayo huwatahini mafundi, ingenufaika na maandishi ya aina hiyo.

Wakati haungoji. Tangu 2022 mabasi ya umeme yamekuwa yakibeba abiria Nairobi, na katika magari hayo kompyuta ina kazi kubwa zaidi. Yakizeeka, yataishia palepale yalipoishia yale ya Japani: kando ya njia, mbele ya fundi wa Kibera au Kawangware na mwanagenzi wake. Watakachoweza kukifanya siku hiyo kitategemea maelezo yatakayokuwa yamekwisha kuandikwa katika lugha wanayoielewa.