Ufunguo wa Valvu Anao Nani?

Nimestaafu ufundi bomba, lakini renchi bado ninayo na watu bado wananigongea mlango. Kazi niliianza Njombe ikiwa wilaya ya Mkoa wa Iringa, enzi za DANIDA, shirika la misaada la Denmark, Wadenishi walipokuwa wakijenga miradi ya maji ya mserereko Iringa, Mbeya na Ruvuma. Huku kwetu milimani hakuna haja ya pampu wala dizeli. Maji yanakingwa kwenye kidakio, juu penye chanzo, yanaingia kwenye tenki, yanateremka yenyewe mpaka kilulani mama anapotega dumu.

Kwa kuwa hakuna mashine inayonguruma, wengi hudhani mradi wa namna hii haudai kitu. Unadai sana. Bomba likipanda kilima kisha likashuka, hewa hujikusanya pale juu na kuzuia maji, ndiyo maana tunafunga valvu ya kutolea hewa. Valvu hiyo ikiziba, vilula vya bondeni vinakauka huku tenki limefurika. Masika kidakio kinajaa matope. Mchungaji akiona bomba limejitokeza korongoni, analitoboa anyweshe ng'ombe. Matatizo mengine hata hayaonekani. Ukitaka kujua kama bomba linavuja ardhini, nenda kwenye tenki usiku wa manane, funga maji yanayoingia, pima kina kwa fimbo, kaa saa moja, pima tena. Kijiji kizima kimelala, nani anachota? Maji yakiwa yameshuka, kesho asubuhi anza kutembea juu ya mtaro ukitafuta majani yaliyostawi kuliko wenzake. Kazi hiyo haimsubiri mhandisi wa wilayani. Inamtaka mtu anayeishi hapohapo, mwenye vipuri ndani na mwenye sababu ya kuacha blanketi kwa baridi ya Njombe.

Mwaka 1971 Serikali ilipanga kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini awe na maji karibu na kwake, umbali usiozidi mita 400. Maji yalikuwa bure, na bomba likipasuka tulisubiri gari la Serikali. Ilipofika 1991 lengo lilikuwa mbali bado, ikatoka Sera ya Maji ikitaka wananchi wachangie. Sera ya 2002 ikaongeza: mradi ni wa watumiaji, wauendeshe na matengenezo wayagharamie wao. Hata hivyo, miaka kama kumi baadaye Wizara ilipovikagua vituo vya kuchotea maji vijijini nchi nzima, karibu vinne katika kila kumi vilikuwa havitoi maji.

Sababu ziko nyingi, za kihandisi na za fedha. Mimi naijua moja kwa kuiona: ushirikishwaji wetu uliishia mtaroni. Tulikuja na kamba na mambo, tukaugawa mtaro, kila kaya na kipande chake. Watu walichimba kwelikweli, akina mama na watoto mgongoni. Mgeni rasmi akaja, akakata utepe, tukala pilau. Baada ya hapo bei ya dumu iliamuliwa na nani? Nani aliweka sahihi benki? Ufunguo wa valvu ya kugawa maji kati ya vitongoji ulikaa nyumbani kwa nani? Mara nyingi ni wanaume wachache ambao tangu wazaliwe hawajabeba ndoo. Nimeona kitongoji kikikaa wiki nzima bila maji kwa sababu mwenye ufunguo alikwenda msibani nao mfukoni.

Kijiji kimoja cha wakulima wa viazi, jina naliacha, watu waligoma kulipa. Maofisa waliokuja wakasema ni wakaidi, wamezoea vya bure. Siku ya mkutano mkuu wa kijiji bibi mmoja akasimama, akajifunga vizuri kitenge chake.

“Kamwene, Mwenyekiti. Hela tunazo, viazi tumeuza. Tusomeeni daftari kwanza.”

Daftari halikuonekana. Mara lilikuwa kwa katibu, mara limelowa mvua. Mkutano ukaivunja kamati palepale na kumchagua mtunza hazina mwingine, mama anayeuza vitumbua stendi. Huyu hakufanya jambo kubwa. Kila mwisho wa mwezi anaandika kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila na kuibandika mlango wa ofisi ya kijiji: madumu yaliyouzwa, fedha iliyoingia, koki ngapi, washa ngapi, gundi ya bomba, malipo ya fundi, salio. Nimewahi kusimama pale nikasikiliza watu wakibishana. “Mama, gundi kopo la pili la nini, na bomba lilipasuka mara moja?” Akajibu bila kukasirika kwamba kopo la kwanza lilikauka kwa kuachwa wazi, na fundi amekatwa malipo. Kwangu huo ndio ushirikishwaji, na katika semina zote nilizohudhuria sikuusikia ukielezwa hivyo.

Malipo yakaanza kuingia. Dumu ni shilingi 20. Kaya inayochota matano kwa siku inatoa shilingi 3,000 kwa mwezi. Wasio na fedha ya kila siku wanaandikwa, wanalipa wakivuna.

Kuna neno moja sikubaliani nalo: kujitolea. Enzi zetu kila kijiji kilichagua vijana wawili, tukawafundisha kuhudumia mradi, kijiji kikaahidi kuwatunza. Ahadi ilikuwa gunia la mahindi, na gunia lenyewe halikufika. Kijana ameoa, ana mtoto, utamlaumu akienda Makambako kubeba zege? Sheria Namba 5 ya 2019 iliyounda RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, imeviweka pia vyombo vya watumiaji maji ngazi ya jamii, ambavyo vinatakiwa kuwa na fundi na mhasibu wa kuajiriwa. Hilo naliunga mkono. Ninachokitilia shaka ni kuunganisha vijiji vingi kwenye chombo kimoja. Mshahara unapatikana, sawa, lakini ule mlango wenye karatasi ya manila unakuwa mbali. Hata kulipia maji kwa simu kunazuia hela kuingia mifukoni mwa watu, ila hakumwambii bibi ilikotumika.

Kwenye kijiji kile cha viazi ugomvi wa sasa ni wa milingoti, yaani mikaratusi. Mzee mmoja aliipanda bondeni juu ya kidakio, siku nyingi, kabla ya Sheria ya Mazingira ya 2004 iliyokataza shughuli za watu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Miti ile inakunywa sana, na kila ikifika Oktoba chanzo kinapungua. Wilaya ingeweza kuja na amri. Mkutano ukaona aitwe, wakazungumza, akakubali kukata. Ameshakata nusu na mahali pake anataka kupanda mivengi, mti unaopatana na maji. Anaomba mfuko wa maji umnunulie miche. Kamati imegawanyika: wapo wanaosema aliyeharibu agharamie mwenyewe, wapo wanaosema miche ni rahisi kuliko kesi. Mama wa vitumbua bado hajasema lolote. Mimi wakiniuliza nitasema wamnunulie.