Moto wa Usiku Mmoja, Tuta la Miaka Minne

Sogeeni karibu, wanangu, leo tunasafiri. Tunakwenda Japani, lakini si Tokyo kwenye maghorofa na mataa. Tunapanda treni Osaka na kushika njia ya kusini, tukifuata bahari hadi mkoa wa Wakayama. Upande mmoja wa dirisha ni maji. Upande wa pili ni vilima vilivyochongwa ngazi toka chini mpaka juu, na kila ngazi imepandwa machenza. Nchi hii inaitwa Arida, na machenza yake yanajulikana Japani nzima. Tunashuka stesheni ya Yuasa.

Yuasa hatutapita mbio, pua zenu hazitakubali. Katika vichochoro vya nyumba za mbao kuna watu ambao hadi leo wanachachusha sosi ya soya kwenye mapipa makubwa, miezi na miezi. Wajapani husema hapa ndipo sosi hiyo ilipozaliwa, zaidi ya miaka 700 iliyopita, baada ya mtawa mmoja kurudi kutoka China na ujuzi wa kuchachusha soya. Tukiona njaa tutaletewa bakuli la wali wa moto uliofunikwa visamaki vyeupe, vidogo kama punje. Kwetu tungesema hawa ni ndugu wa dagaa mchele. Kuleni mshibe, ila hiyo sosi ya soya msiisahau. Nitairudia.

Sasa tunatembea kwa miguu, tunavuka mto, tumefika Hirogawa. Zamani palikuwa kijiji kikiitwa Hiro. Mkitazama upande wa bahari hamtaiona bahari. Mtaona tuta la udongo lililoota nyasi, refu kwenda juu kama mita 5, limenyooka ufuoni kama mita 600. Upande wa baharini imepandwa misonobari, imekuwa mikubwa sasa, matawi yamepindishwa na upepo. Mahali pa kupitia kwenda bandarini pana lango zito la chuma. Lango la nini, katika kijiji cha wavuvi na wakulima? Nani alikuwa adui?

Adui alikuwa bahari yenyewe. Na jina la adui mnalo tayari mdomoni, maana limeshaingia katika Kiswahili chetu: tsunami. Kwa Kijapani "tsu" ni bandari, na "nami" ni wimbi. Wimbi la bandari. Huko kwenye kina kirefu, mvuvi aliye ndani ya chombo anaweza kupitiwa nalo asilitambue, kwa kuwa linainua maji kidogo tu. Likikaribia nchi kavu, mahali ambapo bahari ina kina kifupi, maji hukosa pa kwenda, yakajikusanya na kupanda. Mvuvi akirudi jioni, bandari hana.

Haya, turudi nyuma hadi mwaka 1854. Wakati huo Wajapani walihesabu miezi yao kwa kufuata mwezi wa angani, kama sisi tunavyoungoja mwezi uandame ndipo tufunge Ramadhani. Siku ya nne ya mwezi wa kumi na moja, ardhi ya Hiro ikatetemeka sana. Katika kijiji alikuwako mtu akiitwa Hamaguchi Goryō. Alikuwa na umri wa miaka 34, wa ukoo wa matajiri wa sosi ya soya. Hii ndiyo ile sosi niliyowaambia msiisahau. Kiwanda cha ukoo wake kilikuwa mbali, Chōshi, upande wa mashariki ya Japani, lakini nyumbani kwake ni Hiro, ambako miaka miwili kabla alikuwa ameshirikiana na wenzake kufungua shule ya vijana. Tetemeko lilipopiga, Goryō aliwapeleka watu kwenye hekalu la Hachiman lililoko mlimani, wakalala huko. Bahari ilichafuka, lakini haikuwaingilia. Asubuhi wakashuka, wakarudi majumbani. Nani asingerudi? Hatari imepita, watoto wana njaa.

Mchana wa siku hiyo ya tano, wanakijiji wawili wakaja kwa Goryō na habari: maji ya visima yameshuka ghafla. Visima, wanangu! Hapo mimi mwenyewe kila nikisimulia nywele hunisimama. Ardhi ilikuwa inasema, na hao wawili walikuwa na masikio.

Ilipofika kama saa kumi jioni, tetemeko la pili likaja, kubwa kuliko la jana. Mara maji yakaingia kijijini. Watu walikimbia, na Goryō naye alinaswa na wimbi, akazama, akaibuka, akazama tena, hadi miguu yake ikapata kilima. Jua la Desemba huzama mapema, giza likashuka. Ninasema Desemba kwa sababu kwa kalenda yetu ya leo siku ile ilikuwa tarehe 24 Desemba. Baadhi ya watu walifika juu, lakini wengine walikuwa bado kule chini, gizani, kati ya mbao na nyavu na paa zilizong'oka, hawajui kilima kiko wapi. Goryō akakusanya vijana wachache, wakawasha mienge, wakashuka kutafuta watu. Njia ilikuwa imezibwa na magogo, hawakuweza kufika mbali.

Mpunga ulikuwa umekwisha kuvunwa, na kando ya njia ya kwendea hekaluni yalisimama marundo ya mabua makavu. Goryō akaamuru yawashwe, moja baada ya jingine, zaidi ya marundo kumi. Mabua yakalipuka moto. Watu waliokuwa gizani wakaona mstari wa moto unaopanda mlimani, wakaufuata. Haukupita muda mrefu likaja wimbi kubwa kuliko yote ya usiku ule, likayafikia hata mashamba ya mpunga na kuyazima yale mabua.

Kulipokucha, kati ya nyumba 339 za kijiji, 125 hazikuwepo kabisa, na hakuna hata moja iliyobaki bila kuguswa na maji. Lakini katika watu zaidi ya 1,000, waliokufa hawakufika 40.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu kisa hiki mnaweza kukisikia kwingine kikiwa na sura tofauti. Mwaka 1897 mwandishi Lafcadio Hearn, aliyezaliwa kisiwani Ugiriki na kuhamia Japani, alikiandika akamfanya Goryō mzee wa busara aliyekaa mlimani, akaiona bahari inapwa pasipo wakati wake, akachoma mavuno yake yote ili watu wapande mbio kuzima moto. Mwalimu mmoja mzaliwa wa Yuasa, Nakai Tsunezō, akakiandika upya kwa ajili ya watoto, na kuanzia mwaka 1937 hadi 1947 wanafunzi wa Japani walikisoma katika kitabu cha shule. Katika maandishi hayo mzee anaitwa Gohei. Ni kisa kizuri, sikitupi. Lakini mimi nampenda zaidi yule wa kweli: kijana mwenye nguo zilizolowa, aliyetoka kuzama, ambaye hakuona mbele kuliko wenzake, ila alijua bado kuna watu gizani.

Tena kitabu kinaishia kwenye moto, na moto ulikuwa wa usiku mmoja tu. Kesho yake ndiyo ilikuwa ngumu. Fikirieni: nyumba hakuna, mitumbwi imevunjika, mashamba yameingia maji ya chumvi, na ni majira ya baridi. Goryō alitafuta mchele usiku uleule, akaazima kwa kijiji cha jirani. Halafu akajenga nyumba kwa wasionacho, akatoa zana kwa wakulima na vyombo kwa wavuvi. Hata hivyo watu walianza kufunga mizigo. Walisema pwani hii imetukataa, twendeni zetu. Wazee wao walikuwa wamepigwa na mawimbi kama hayo vizazi na vizazi, na ukuta wa mawe uliojengwa karne nyingi nyuma haukutosha.

Hapo Goryō akaja na shauri la tuta. Mapema mwaka 1855 kazi ikaanza. Shauri lenyewe lilikuwa na akili ndani yake, lisikilizeni vizuri. Angeweza kugawa fedha tu. Badala yake alimwita kila mwenye mikono, wanaume, wanawake, hata watoto, wabebe udongo, na jioni kila mmoja alipewa ujira wake wa siku. Aliyepoteza mtumbwi alipata chakula cha leo, na papo hapo aliijenga kinga ya mjukuu wake. Mwenye mshahara kesho haondoki leo. Mizigo iliyofungwa ikafunguliwa.

Ilichukua karibu miaka minne. Ukihesabu kila mtu kwa kila siku aliyobeba udongo, utapata siku za kazi zaidi ya 56,000. Fedha zilikuwa za Goryō, ryō 1,572, na ryō ndiyo iliyokuwa fedha kubwa ya Japani wakati ule. Zilitoka kwenye yale mapipa ya sosi ya soya. Katikati ya kazi, mwaka huohuo 1855, tetemeko jingine likaupiga mji wa Edo, ambao sasa ni Tokyo, na biashara yake huko ikapata hasara. Udongo uliendelea kubebwa. Desemba 1858 tuta likasimama: mita 20 upana wa chini, misonobari upande wa bahari kuvunja nguvu za maji, na upande wa kijiji miti ambayo mbegu zake hutoa nta ya kutengenezea mishumaa. Wanakijiji walitaka kumjengea Goryō hekalu, wamwabudu kama mungu angali hai. Akakataa.

Baadaye serikali mpya ya Meiji ilimpa kazi ya kusimamia posta ya nchi, na baadaye tena akawa spika wa kwanza wa baraza la mkoa wa Wakayama. Mwaka 1885 alifariki akiwa safarini New York. Tuta lake hakuwahi kuliona likijaribiwa.

Lilijaribiwa tarehe 21 Desemba 1946, kabla ya alfajiri. Ardhi ilitetemeka, na baada ya muda mfupi bahari ikaja, kimo chake mita 4 hivi. Miaka 88 ilikuwa imepita tangu tuta likamilike, na wengi wa waliolibebea udongo walikuwa makaburini. Nyumba nyingi za kijiji, zile zilizokuwa nyuma ya tuta, zilisalimika. Lakini maji ni mjanja, yalizunguka kupitia upande wa mto ambako tuta halikufika, na huko watu walikufa. Nawaambia na hilo kwa sababu ndivyo lilivyokuwa. Tuta hukinga kilicho nyuma yake.

Na sisi wa Pwani ya Afrika Mashariki? Tulidhani ni mambo ya Wajapani, hadi tarehe 26 Desemba 2004. Tetemeko lilipiga karibu na Sumatra, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, na baada ya saa kama saba maji yakafika Somalia, yakaua watu karibu 300. Kenya alikufa mtu mmoja, Tanzania watu wasiopungua 10. Mombasa habari ilitangulia kidogo kabla ya maji, polisi wakawaondoa watu ufuoni. Sisi hatukuhisi tetemeko lolote, lilikuwa mbali mno. Dalili ilikuwa bahari peke yake. Mtoto wa pwani anajua kupwa na kujaa, anajua bamvua na maji mafu, anajua saa za kwenda kuokota pweza. Kwa hiyo siku akiona bahari inapwa mbio saa isiyo yake, miamba inabaki wazi na samaki wanarukaruka mchangani, asiende kuokota. Akimbilie juu, apige kelele akikimbia, na asirudi baada ya wimbi la kwanza, maana mmesikia kule Hiro ni wimbi lipi lililokuwa kubwa. Tena si kila tsunami hupwa kwanza. Nyingine huja zikijaa tu.

Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliweka siku moja ya kila mwaka kwa ajili ya dunia nzima kujifunza habari za tsunami, na siku iliyochaguliwa ni tarehe 5 Novemba. Ninyi mnaotega masikio mmeshajua imetoka wapi: siku ya tano, mwezi wa kumi na moja, usiku wa mabua.

Tukifika Hirogawa mwezi wa Oktoba, tutawakuta watu wameshika mienge usiku, wanapanda kwa miguu kwenda hekaluni kwa njia ileile, na mabua ya mpunga yanawaka kando. Tukifika tarehe 5 Novemba, tutakuta jambo jingine, na hili ndilo lililonifanya niwalete huku. Tangu mwaka 1903 kijiji kina sherehe yake ya tsunami. Wanafunzi wa shule ya msingi na wa sekondari ya chini huenda kwenye tuta wakiwa na udongo. Mvua za mwaka mzima huwa zimelila kidogo. Mtoto wa miaka kumi na miwili anapanda, misonobari inavuma juu yake, bahari iko upande wa pili haijaonekana bado. Anaumwaga udongo wake, anaushindilia, kisha anampisha aliye nyuma yake.